Nusu ya Somo la Kutu

Kila siku ya shule, kabla jua halijatoka, shangazi yake Panzi alikuwa ameshaondoka nyumbani. Alikuwa mpishi katika jiko la hospitali, na wagonjwa hawawezi kusubiri uji mpaka mpishi ashibe usingizi. Lakini hakuwahi kutoka bila kuacha sahani mezani, imefunikwa kwa sahani nyingine ili nzi wasitue. Ndani yake mlikuwa na kiazi kitamu, mchicha uliopikwa na nyanya, kipande cha papai, na chungwa lililokwisha kumenywa. Kulimenya chungwa lile kulimpunguzia usingizi wake, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Panzi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya miguu yake mirefu, na yeye mwenyewe alilipenda. Tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi mbali, alilelewa na shangazi katika vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji. Isipokuwa siku za kupumzika, saa kumi na moja na nusu alfajiri alivaa viatu, akakaza kamba, akalizunguka ghala mara sita. Kisha alioga, akala na kwenda shule.

Mwaka ule kulikuwa na jambo kubwa mbele yake. Shule zote zilikuwa zinajiandaa kwa mbio za kilomita sita, na wasichana watatu wa kwanza wangepata nafasi katika shule ya sekondari ya bweni yenye kikosi cha wakimbiaji. Panzi aliitaka nafasi hiyo usiku na mchana. Hata akiosha vyombo, miguu yake ilikuwa inachezacheza chini ya karo.

Mambo yalianza kwenda upande siku ya somo la kutu.

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa mbio. Siku hiyo alikuja darasani na msumari wa zamani, mwekundu kwa kutu, akaukwaruza kwa ukucha mpaka unga ukadondoka mezani.

"Mnauona huu? Mkikimbia mbio ndefu mnavuta hewa nyingi kuliko mtu aliyekaa. Mwili unaitumia hewa hiyo kuchoma chakula ili upate nguvu. Katika kuchoma huko hutokea chembe ndogo mno, korofi, zisizotulia. Zinagonga hapa, zinauma pale. Zikizidi, zinaila misuli kama kutu inavyoula msumari huu."

"Kumbe Panzi ana kutu!" alidakia msichana wa dawati la mbele. Huyo aliitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua kitufe chake cha kuzimia kiko wapi. Alikuwa rafiki mkubwa wa Panzi.

"Panzi ana miguu," mwalimu alijibu. "Wewe kinachofanya mazoezi ni ulimi peke yake."

Darasa likaangua kicheko. Panzi hakucheka. Aliutazama ule unga mwekundu mezani.

"Dawa yake ni nini, mwalimu?"

"Mboga za majani, karoti, nyanya, machungwa, mapapai. Vyakula hivyo vina vitu vinavyozituliza chembe hizo." Ngurumo ikasikika nje, naye akachungulia dirishani. "Panzi, wewe ndiye nahodha. Kimbia ukakusanye vigingi uwanjani kabla mvua haijashuka."

Panzi akatoka mbio. Aliporudi, amelowa chapachapa, ubao ulikuwa umekwisha kufutwa na mwalimu amekwenda darasa jingine. Hakumwuliza mtu ni nini kilisemwa nyuma yake.

Jioni hiyo, akifagia chumba, aliikuta chupa chini ya kitanda cha binamu yake, mtoto wa shangazi aliyekuwa akinyanyua vyuma kabla hajahama kikazi. Juu ya chupa palichorwa machungwa matatu na mkono wenye misuli iliyotuna, na chini yake pameandikwa *vitamini*. Ndani mlijaa vidonge vikubwa vya rangi ya manjano.

Panzi alikaa kitandani na kupiga hesabu zake. Kama sahani ya shangazi inatuliza kutu, basi chupa hii itaimaliza kabisa. Na kama mwili hauna kutu, kupumzika kuna kazi gani? Mwalimu aliwakataza kukimbia Jumatano na Jumapili. Wenzake wangelala siku hizo, naye angewaacha nyuma. Akameza kimoja. Siku ya pili akameza viwili, na wiki haikuisha ila vilikuwa vimefika vinne.

Akaanza pia kukimbia kila jioni, kabla shangazi hajarudi. Alivaa sweta wakati jua bado kali, akiamini jasho jingi ndilo linaloleta kasi. Maji aliyanywa kwa kubana ili tumbo lisitikisike akikimbia. Vidonge vilimharisha, lakini naye alijikaza. Sahani ya asubuhi ilianza kumwia nzito, kwa hiyo aliimwaga katika mkebe na kwenda nayo shuleni.

"Jamani, shangazi yako anajua kupika," Redio alisema huku anajilamba vidole. "Lakini wewe unakula nini?"

"Mimi nina dawa yangu. Ukimwambia mtu, mkebe huu huuoni tena."

"Nimeshafunga mdomo," Redio akasema, na papai limemjaa mashavuni.

Usiku shangazi alirudi miguu imemvimba kwa kusimama, na kila siku swali lake la kwanza lilikuwa lile lile.

"Sahani ulimaliza, mwanangu?"

"Iliisha, shangazi."

Sahani ilikuwa nyeupe kweli. Shangazi alifurahi, na siku ya pili alikata kipande kikubwa zaidi cha papai. Panzi alikiona, lakini akakimwaga kwenye mkebe kama vile vingine.

Wiki ya tatu mwili ulianza kubadilika. Ngazi tatu za kuingilia darasani zikawa ndefu. Mapaja yaliuma hata akiwa amekaa, na akiyabonyeza yalikuwa magumu kama mbao. Akishika kikombe, kikombe kilitetemeka. Alilala bila kupata usingizi, akiusikiliza moyo wake ukidunda masikioni kana kwamba bado anakimbia. Akajiambia kwamba hiyo ni dalili ya nguvu inayokuja.

Shangazi alikuwa na desturi ya kusimulia habari za wagonjwa wakati wa kula. Majina yao hakuyataja. Aliwajua kwa sahani zao: yule wa uji mwepesi, yule asiyetaka ndizi. Siku hizo alimzungumzia sana mgonjwa mmoja wa kitanda cha dirishani, ambaye chakula chake kilipikwa peke yake bila chumvi.

"Leo amekula vijiko vitatu," alisema Jumatatu.

Jumanne akasema, "Leo amenirudishia sahani kama nilivyoipeleka." Akaukata mkate wake vipande vidogo vidogo, wala hakuvila.

Jumatano asubuhi, baada ya kulizunguka ghala, Panzi aliingia chooni. Alipotazama chini, akaganda. Mkojo wake ulikuwa wa kahawia, mzito, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Alichukua ndoo haraka akamwaga maji, mara moja, mara ya pili, mpaka sakafu ikawa nyeupe. Kisha akasimama na ndoo tupu mkononi. *Ni rangi ya vidonge*, alijiambia. Lakini vidonge vilikuwa vya manjano, na hilo alilijua.

Jioni yake walikaa mezani.

"Shangazi, yule wa dirishani," Panzi aliuliza bila kuinua uso, "aliumwaje?"

"Kijana wa watu! Alikuwa mpakiaji. Alibeba mifuko siku mbili mfululizo juani, hakupumzika, hata maji hakunywa ya kutosha. Daktari anasema misuli ilichanika ndani kwa ndani, na uchafu wake ukaenda kuziba figo." Shangazi akatikisa kichwa. "Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Akauona, akanyamaza. Akamficha mke wake siku tatu nzima. Siku ya nne haukutoka hata tone. Sasa damu yake inasafishwa kwa mashine."

Kijiko cha Panzi kilisimama njiani.

"Vipi, mbona umebadilika?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini Ijumaa kulikuwa na mbio za mchujo, ambapo mwalimu angechagua wanne wa kuiwakilisha shule. Mgonjwa hachaguliwi. Panzi akayameza maneno pamoja na chakula.

"Nimechoka tu, shangazi."

"Basi lala mapema. Vyombo nitaosha mimi."

Na aliviosha, kwa miguu ile ile iliyovimba.

Alhamisi rangi haikupungua. Ilikuwa imekolea zaidi, na ilitoka kidogo. Ijumaa asubuhi ilitoka kidogo zaidi.

Saa tatu wakimbiaji walisimama kwenye mstari. Jua lilikuwa limeshachoma majani ya uwanja. Redio, ambaye naye alikuwa mkimbiaji ingawa wa nyuma, alimsogelea.

"Macho yako yamezama kama ya bibi kizee. Namwambia mwalimu."

"Thubutu! Sahani huli tena."

"Sahani kitu gani? Nitashinda na njaa mwaka mzima, mradi usinifie hapa."

"Nyamaza, filimbi hiyo."

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza Panzi aliongoza. Wa pili aliongoza bado, na watoto waliokaa kando wakaimba jina lake. Katika mzunguko wa tatu mapaja yakaanza kukaza, kama kuna mtu anayasokota kwa ndani kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa akitazama saa yake na kutabasamu. Mizunguko miwili tu ilibaki. Miwili, na nafasi ingekuwa yake.

Panzi alihesabu pumzi ili asisikie maumivu. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Ndipo akili yake, bila kuombwa, ikaanza kuhesabu kitu kingine. Jumatano, moja. Alhamisi, mbili. Ijumaa, tatu.

Siku ya nne ilikuwa kesho.

Ngozi ikamsisimka chini ya jua kali. Akaiona meza ya nyumbani, na shangazi akitoka jikoni na sahani isiyo na chumvi. Miguu ilitaka kuendelea. Ilikuwa imezoea kutii. Panzi akatoka nje ya mstari, akasimama.

"Panzi!" mwalimu alipiga kelele. "Rudi njiani! Unafanya nini? Rudi!"

Wenzake wakampita mmoja mmoja. Akamwendea mwalimu akipepesuka. Alitaka kumnong'oneza, lakini sauti ilimtoka kubwa, ikapasuka mbele ya watu wote.

"Mwalimu, mkojo wangu ni kama chai ya rangi. Leo siku ya tatu."

Kicheko kilianzia pembeni kikaenea uwanja mzima. Kuna aliyeuliza kama ina sukari. Panzi alitamani ardhi immeze.

Mwalimu hakucheka. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Alivua kofia yake akamvika, akamwagia maji mgongoni, na akawageukia waliokuwa wakicheka. Kicheko kikakatika kama kamba. Dakika tano baadaye Panzi alikuwa kwenye pikipiki ya mwalimu, na nyuma yake Redio amemkumbatia kiunoni asianguke. Redio hakufungua mdomo njia nzima.

Katika hospitali ile ile alikopika shangazi, walimtoa damu, wakamwekea dripu mkononi, wakampa chombo chenye alama za vipimo. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ndogo, aliuliza maswali taratibu. Alikimbia mara ngapi? Alipumzika lini? Alikunywa maji kiasi gani? Kuna dawa yoyote aliyomeza?

Panzi alimtazama mwalimu, akatazama ukuta. Kisha akasema yote: vidonge, sweta, mbio za jioni, Jumatano na Jumapili. Alipomaliza, mlango ulifunguka. Shangazi alisimama pale na aproni ya jikoni, mikono inanuka vitunguu.

Hakugomba. Aliketi mwisho wa kitanda, upande wa miguu ya Panzi, akaishika yote miwili.

"Shangazi, sahani sikuwa nakula mimi. Alikuwa anakula Redio."

Shangazi aliifuta vumbi miguu ile kwa aproni.

"Na chungwa?"

"Na chungwa."

"Ndiyo maana yule mtoto anang'aa hivyo," alisema, na machozi yakamdondoka juu ya aproni.

Majibu ya damu yalichukua saa mbili. Dripu ilidondoka, shangazi aliihesabu kwa midomo, na chombo chenye alama kilibaki kitupu. Mwuguzi alipita, akakitazama, akaandika kitu, akaondoka. Alipopita mara ya pili alikitazama kwa muda mrefu zaidi. Ilipofika saa sita ndipo Panzi aliposema kwa sauti ndogo kwamba anataka kwenda chooni, na shangazi akasema, "Asante, Mungu wangu," kwa sauti ambayo Panzi hakuwahi kuisikia.

Daktari alirudi na karatasi.

"Misuli imeumia sana," alisema. "Figo zimeshtuka, lakini zinafanya kazi. Utalala hapa siku tatu au nne, na miezi miwili hutakimbia." Akamtazama Panzi machoni. "Ungemaliza mbio zile, leo tungezungumza mambo mengine kabisa. Umejiokoa kwa kusema."

Panzi akageukia ukuta, akalia. Alililia shule ya bweni, na hakuna aliyemkataza.

Siku ya tatu mwalimu alikuja. Alivuta kiti, akakaa, akaikunja na kuikunjua ile kofia yake.

"Nimekuja kumaliza somo," alisema. "Siku ile nilikutuma vigingi, na wewe ndiye uliyekuwa umeuliza swali. Ningekuita baadaye nikakueleza. Sikufanya hivyo. Hilo kosa ni langu."

Panzi hakuwahi kusikia mtu mzima akimwambia mtoto maneno kama hayo. Akajiinua kwenye mto.

"Nusu uliyoikosa ni hii. Chembe zile korofi si adui mtupu. Zikiwa kiasi, ndizo zinazoiambia misuli kwamba leo kazi ilikuwa ngumu, jiimarishe. Misuli inasikia, na inajijenga ukiwa umelala, umepumzika. Mboga na matunda yanazipunguza zisipite kiasi, na kazi hiyo yanaifanya taratibu, pamoja na vitu vingine vingi vilivyomo. Vidonge vingi vingi ni kama kumziba mtu mdomo kabla hajamaliza kusema. Havikukuongezea nguvu. Huenda hata faida ya mazoezi yako vilikupunguzia."

"Kwa hiyo vidonge ndivyo vilivyoniumiza?"

"Kilichokuumiza ni kukimbia kila siku bila kupumzika, kwenye joto, bila maji," alijibu daktari, aliyekuwa ameingia kumtazama. "Vidonge vilikuharisha, ukazidi kukauka. Na vilikudanganya kwamba una kinga. Hilo ndilo baya kuliko yote. Hakuna chakula wala kidonge kinachochukua nafasi ya kupumzika."

Siku ya kutoka, shangazi alimpitisha kwenye korido ya wodi ya wanaume, njia ya kwenda jikoni. Kupitia mlango uliokuwa wazi Panzi alikiona kitanda cha dirishani. Kijana mwembamba alikuwa amelala, mrija unatoka mkononi mwake kwenda kwenye mashine iliyonguruma polepole. Mke wake alikuwa akimlisha kwa kijiko, akipuliza kila tonge. Kijana alifumbua macho, yakakutana na ya Panzi, yakafumba tena. Panzi aliushika mkono wa shangazi, na hakuuachia mpaka nje ya geti.

Mbio za kilomita sita zilikimbiwa bila yeye. Redio alichukuliwa kujaza nafasi ya nne, akamaliza wa tatu kutoka mwisho, na kwa wiki nzima alisimulia kana kwamba alikuwa wa tatu kutoka mwanzo.

Miezi miwili ilipita, kisha wa tatu. Panzi alirudi uwanjani taratibu, kwanza kutembea, kisha kukimbia kidogo. Kila asubuhi alikula sahani yake mezani, na Jumatano na Jumapili alikaa na shangazi wakichambua mboga. Mbio za mwaka uliofuata zilipokaribia, mwalimu alipanga mchujo mwingine. Kwa bahati ulifanyika Jumamosi, siku ambayo shangazi haendi kazini.

Asubuhi hiyo Panzi alitoka chooni tayari amevaa viatu. Shangazi alikuwa akimenya chungwa.

"Haya, mkimbiaji. Kumekucha salama?"

Panzi alisimama mlangoni. Kulikuwa na joto kali tangu juzi, na usiku kucha miguu ilikuwa imemuuma. Alijua kabisa neno moja dogo lingemfikisha uwanjani.

"Si salama sana, shangazi," alisema. "Rangi imekolea. Si kama ile, lakini imekolea. Na mapaja yanauma."

Shangazi aliweka kisu chini. Hakuuliza habari za mchujo. Alimimina maji katika kikombe kikubwa, akamsogezea, akavuta kiti cha pili.

"Kaa hapa unywe. Tutakwenda kwa daktari sasa hivi, na mwalimu nitamwambia mwenyewe." Alimpa kipande cha chungwa mkononi. "Mbio zitapangwa tena, mwanangu. Chakula nitakupikia kila siku, na kupumzika nitakukumbusha. Lakini yaliyomo ndani ya mwili wako siwezi kuyaona. Hayo lazima uniambie wewe, na mapema. Mtoto akisema, ndipo sisi wakubwa tunapoweza kumsaidia."

Panzi aliinama, akafungua kamba za viatu, cha kulia kisha cha kushoto, akaviweka kando ya mlango. Kisha akanywa maji yote.